Thieta ya Taifa, Kampala: nani alipanda jukwaani, lini, na kwa lugha gani

Swali: Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Masindi. Muhula ujao chama chetu cha Kiswahili kitasafiri kwenda Kampala kuiona Thieta ya Taifa, na wakirudi wanafunzi watatunga igizo la dakika 20 kuhusu historia yake. Kwenye intaneti nakuta maelezo yanayogongana, na wazee hapa wananiambia, "Ile ilikuwa nyumba ya wazungu." Je, ni kweli? Nianzie wapi, na ni wapi tunaweza kukosea?

Jibu: Wazee hawajakudanganya, Mwalimu. Wamekupa mwanzo wa habari wakaishia hapo.

Tuanze na jambo linaloleta mkanganyiko mwingi. Kuna taasisi na kuna jengo. Taasisi ni Kituo cha Taifa cha Utamaduni cha Uganda, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1959. Jengo ni thieta yenyewe, iliyofunguliwa tarehe 2 Desemba 1959. Kwa kuwa yote mawili ni ya mwaka mmoja, waandishi huyachanganya, kisha wanaongeza jumba la sanaa za uchoraji la Nommo, lililo chini ya taasisi hiyohiyo lakini ni la 1964 na liko sehemu nyingine ya Nakasero, mtaa wa Kampala. Mwanafunzi akiandika "kituo kilijengwa," muulize: kituo kipi, na nyumba ipi?

Wachoraji wa ramani ya thieta walikuwa kampuni ya Peatfield na Bodgener, haohao waliochora jengo la Bunge lililo jirani. Waonyeshe wanafunzi majengo hayo mawili kwa pamoja, maana yanasimulia habari moja. Serikali ya kikoloni ilijua uhuru unakaribia, na ilikuwa inaiandalia nchi mpya vyombo vya taifa kwa mfano iliouzoea: bunge la namna ya London, na thieta ya namna ya London. Mwaka huohuo wa 1959 Buganda ilikuwa katika mgomo mkali wa kususia maduka ya Waasia. Kampala ilikuwa mji uliogawanyika, na nyumba iliyoitwa ya taifa ilifunguliwa katikati ya mgawanyiko huo, miaka mitatu kasoro kabla ya uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962.

Kwa hiyo, ilikuwa ya wazungu? Katika miaka ya mwanzo waliokuwa na fedha za kukodi ukumbi na mazoea ya kukaa kimya gizani kwa saa mbili walikuwa hasa Wazungu na Waasia wenye vyama vyao vya maigizo. Sheria haikusema Mwafrika asiingie. Lugha, bei, saa za usiku na umbali kutoka mitaa walikoishi Waafrika vilifanya kazi hiyo bila sheria. Katika igizo lenu msiweke askari mlangoni anayemfukuza Mwafrika. Mwekeni mtu mwenye shilingi zake mkononi, anayesoma tangazo la mchezo katika lugha asiyoielewa, kisha anageuka kwenda zake.

Sasa jengo lenyewe, kwa sababu ndani yake mna hoja ambayo ningependa wanafunzi wako waishike kuliko tarehe zote. Kwa nje wataona ule ukuta wa mbele wenye matundu mengi, unaokata jua huku ukiruhusu hewa na mwanga kupita. Hilo ni jibu la mchoraji kwa hali ya hewa ya kwetu, na ni zuri. Ndani hakuna jibu la namna hiyo. Jukwaa ni la fremu: watazamaji, chini ya 400, wamekaa upande mmoja tu, na mbele yao kuna tundu la mstatili lenye pazia, kama picha iliyotundikwa ukutani. Mwigizaji yuko ndani ya picha, mtazamaji yuko nje yake. Umbo hilo lilikua Ulaya kwa ajili ya michezo ya maneno, sebule za kuigiza, na mandhari za kupakwa rangi.

Ngoma zetu nyingi hazikuzaliwa katika fremu. Bwola ya Waacholi huchezwa kwa duara kubwa, na kadodi ya Wagisu hutembea njiani ikikusanya watu. Hata mama anayesimulia ngano jioni amezungukwa na wasikilizaji wanaomwitikia. Ukiileta bwola ndani ya fremu, lazima kitu kivunjike.

Hili lisibaki maneno matupu. Kabla ya safari, chora kwa chokaa uwanjani mstatili wenye upana wa mita 8 na kina cha mita 6. (Hivi ni vipimo vya zoezi tu, si vya thieta.) Watazamaji waketi upande mmoja mrefu, safu tano, safu ya kwanza ikiwa mita 2 kutoka mstari. Kisha wachezaji 24 wasimame kwa duara, kila mmoja akipewa nafasi ya mita moja. Mzingo wa mita 24 unadai kipenyo cha mita 7.6 hivi, na kina chako ni 6. Duara halitoshi. Wanafunzi watafanya kile ambacho waongozaji wa Kampala wamelazimika kukifanya tangu 1959: kupunguza wachezaji, au kulibonyeza duara liwe yai, au kulikata liwe nusu mwezi linalotazama watu. Kila njia ina hasara yake. Ukipunguza watu, uzito wa ngoma unapotea. Yai linawapa watazamaji migongo ya nusu ya wachezaji, na nusu mwezi si ngoma ileile tena, kwa kuwa wachezaji hawaonani nyuso.

Katika zoezi hilohilo, walio safu ya tatu hadi ya tano watalalamika kwamba wanaona visogo. Macho ya mtu yako kama sentimita 12 chini ya utosi wake, kwa hiyo kila safu inahitaji kuinuliwa kiasi hicho ili aliye nyuma aone juu ya kichwa cha aliye mbele. Ndiyo sababu sakafu ya ukumbi ule inapanda kuelekea nyuma. Mwinuko huo unamsaidia mtazamaji, na papohapo unamfunga kitini. Hawezi kuinuka akaingia uchezoni kama angefanya nyumbani.

Historia ya Thieta ya Taifa, kwa maoni yangu, ni historia ya wasanii wa Uganda wakihangaika na fremu hiyo. Ukiishika kamba hii, majina na miaka vitakaa mahali pake.

Anza kabla ya jengo. Mwaka 1954 Wycliffe Kiyingi alianzisha chama cha wasanii Waafrika na kutunga mchezo wa Kiluganda, "Pio Mberenge Kamulali". Thieta ilikuwa bado miaka mitano. Kosa kubwa la makala nyingi ni kudokeza kwamba maigizo ya Uganda yalianza 1959. Kilichoanza 1959 ni jengo. Wenye kuigiza walikuwepo, katika kumbi za shule na za mitaa, na walikuwa na watazamaji wao.

Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru, wanafunzi wa chuo cha Makerere, Kampala, waliigiza katika thieta hii mchezo wa "The Black Hermit", ulioandikwa na mwanafunzi mwenzao kutoka Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwandishi Mwafrika, waigizaji wa Makerere, jukwaa la taifa huru. Ila lugha bado ilikuwa Kiingereza, na fremu ilikuwa ileile. Si aibu, ilikuwa hatua. Miaka michache baadaye Makerere hiyohiyo ilitoa kundi la maigizo la kusafiri, lililopeleka michezo vijijini bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Waliotoka nje ya jengo walijifunza jambo ambalo jengo lisingewafundisha: mtazamaji wa sokoni hujibu, hukatiza, na akichoka huondoka.

Mwaka 1966 Okot p'Bitek akawa Mganda wa kwanza (nina maana ya raia wa Uganda, yeye alikuwa Mwacholi wa Gulu) kuongoza kituo hicho. Ni mwaka uleule kilipotoka kitabu chake, "Song of Lawino". Okot aliona kwamba nyumba ya utamaduni wa taifa haiwezi kuishi kwa michezo ya chumbani peke yake, akaileta ngoma ya mikoani mjini kwa uzito wake wote. Alidumu hadi 1968. Aliikosoa serikali akiwa ziarani Zambia, akapoteza kazi, akaishia uhamishoni Kenya. Kama igizo lenu lina nafasi ya mhusika mmoja tu wa miaka ya sitini, nisingesita kumchagua yeye. Anabeba fremu, ngoma na siasa katika mwili mmoja.

Halafu Robert Serumaga, mtunzi na mwongozaji. Aliandika kwanza michezo ya Kiingereza, ikiwemo "Majangwa" ya 1971, lakini kuanzia "Renga Moi" ya 1972 alipunguza maneno na kuongeza mwili, wimbo na miondoko. Kundi lake likaitwa Abafumi, yaani wasimulizi wa ngano. Chini ya Idi Amin, aliyetwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, mbinu hiyo ilikuwa na faida mbili. Ilivuka mpaka wa lugha, katika nchi yenye lugha nyingi na hata ng'ambo walikozuru. Na ilimpa mpelelezi kidogo sana cha kuandika kwenye daftari lake, kwa kuwa neno linanukuliwa lakini mguu unaoburutwa sakafuni ni vigumu kuunukuu.

Hapa tunafika kwa Byron Kawadwa, na hapa ninakuomba, Mwalimu, mwende polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Kawadwa alitunga michezo ya Kiluganda yenye nyimbo nyingi: "Makula ga Kulabako", kisha "Oluyimba lwa Wankoko", Wimbo wa Wankoko. Wankoko ni mtumishi wa ikulu anayenyakua kiti kisicho chake. Mchezo huo ni wa 1971, na waliouona waliusoma kama fumbo la yaliyoupata ufalme wa Buganda mwaka 1966 chini ya Milton Obote, aliyeitawala nchi kabla ya Amin. Mwanzoni mwa 1977 Uganda iliupeleka Lagos, kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililoitwa FESTAC. Muda mfupi baada ya kurudi, Kawadwa, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiiongoza thieta, alikamatwa na watu wa Amin katika jengo hilohilo na kuuawa.

Angalia pengo. Mchezo 1971, kifo 1977. Mwanafunzi atakayeandika "aliandika mchezo wa kumpinga Amin, akauawa" amefupisha mno. Mchezo uliotazama enzi ya Obote ulipata msikilizaji mwingine. Kufikia 1977, habari ya mtu wa chini anayekalia kiti kwa hila ilikuwa inamgusa aliyekalia kiti wakati huo, na ilikuwa imeonyeshwa mbele ya Afrika nzima. Mwaka huohuo, Februari, aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Ulikuwa msimu wa kuua watu waliosikilizwa.

Msiigize mauaji yenyewe. Hakuna anayeweza kuwapa maneno yake ya mwisho, na familia yake ni watu halisi. Igizeni mazoezi yanayokatizwa: wimbo unaendelea, mwongozaji anaitwa nje, na hakuna anayerudi kuwaambia waimbaji wanyamaze. Dakika mbili zinatosha.

Na kuna mtego wa lugha ambao chama cha Kiswahili hakina budi kuuona. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa Waganda wengi wa enzi hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya mwenye bunduki. Michezo ya Kampala imezoea kumfanya askari ndiye mtu anayesema Kiswahili. Igizo lenu lote likiwa kwa Kiswahili, tofauti hiyo inafutika. Mkichanganya lugha huku Kiswahili kikiwa cha askari tu, mtakuwa mmekibandika jeuri mbele ya watoto mnaowafundisha wakipende. Ningeshauri hivi: Kawadwa na waimbaji wake waongee Kiswahili sanifu na chepesi, nyimbo zibaki kwa Kiluganda, na askari apewe sentensi fupi za amri zisizozidi maneno matatu. Ukali utaonekana katika ufupi, na lugha itabaki safi.

Amin aliondolewa tarehe 11 Aprili 1979. Miaka iliyofuata ilikuwa ya risasi za usiku, na watu walipenda maonyesho ya alasiri ili wawahi nyumbani. Makundi ya Kiluganda yalistawi hata hivyo, na mengi yakahamia kumbi nyingine za mji, kubwa zaidi na zenye masharti machache. Kisha tangu 1986 hali ya mji ikatulia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Alex Mukulu alileta mchezo wake, "Thirty Years of Bananas", akiipima miaka thelathini ya uhuru kwa macho ya Kaleekeezi, mkimbizi kutoka Rwanda. Nyimbo, kwaya, vichekesho na historia vilipangwa pamoja, na ile fremu ikaonekana ndogo. Nje kidogo ya katikati ya mji, Ndere Troupe, kundi la ngoma lililoanza 1984, lilikuja kujijengea kituo chake chenye uwanja wa wazi ambako watazamaji huketi kwa nusu duara na huitwa kucheza. Ukipata muda, wapeleke wanafunzi kote kuwili siku mbili mfululizo. Hawatahitaji mhadhara juu ya fremu.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa ya wachekeshaji wa kila wiki, wanamuziki wa Jumatatu usiku, washairi vijana katika vyumba vya juu, na soko la vinyago na mikeka nyuma ya jengo. Hii naipitia haraka kwa sababu ni ya juzi tu. Mara kwa mara pia umezuka mpango wa kubomoa na kujenga ghorofa ndefu mahali hapo, na kila mara wasanii wamepinga. Msiache hilo nje ya igizo. Mhusika mmoja aseme kwa moyo wote kwamba jengo jipya lingeleta jukwaa bora na fedha. Mwingine aseme Kawadwa alikamatwa humu. Wote wawili wana hoja, na mtunzi asiharakishe kumpa mmoja ushindi.

Kuhusu uhakika wa tarehe: nenda sehemu ya Africana ya maktaba kuu ya Makerere, uombe magazeti. Kumbuka gazeti kuu la Kiingereza lilibadilika jina, na wengi hukwama hapo. Uganda Argus ni la enzi ya ufunguzi hadi mwanzo wa Amin. Voice of Uganda ni la enzi ya Amin. Uganda Times linafuata 1979. New Vision ni la 1986 na kuendelea. Ukiomba New Vision ya 1977 utaambiwa halipo, na ni kweli. Kwa kila tukio soma siku tatu kabla na siku tatu baada yake, maana tangazo linakuonyesha kilichopangwa tu. Uhakiki uliochapishwa baadaye ndio unaothibitisha kuwa mchezo ulionyeshwa. Magazeti ya Kiluganda, kama Taifa Empya na Munno, yatakupa michezo ambayo gazeti la Kiingereza halikuitaja kabisa. Na magazeti ya 1977 yasomwe kwa tahadhari: ukimya wao juu ya kifo cha mtu hauthibitishi kwamba hakufa.

Igizo la dakika 20 haliwezi kubeba miaka sitini na zaidi. Chagueni siku nne: ufunguzi wa 1959, Okot 1966, mazoezi ya 1977, na mjadala wa kubomoa. Kila tukio dakika 4, jumla 16. Dakika 4 zinazobaki ni za nyimbo na kubadilisha maleba. Mwigizaji anayetembea na kupumua vizuri husema kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo maandishi yenu yasizidi maneno 1,600. Wanafunzi huandika 3,000, kisha hukimbiza maneno jukwaani, na hapo silabi ya mwisho humezwa. Katika Kiswahili silabi ya kwanza nayo ni hatari: "hatutakuja" ikipoteza mwanzo wake hakuna atakayejua kama mtakuja au la. Ngoma ziwekwe pembeni mwa jukwaa, na embuutu, ile ngoma kubwa ya Buganda, ifunikwe kitambaa wakati wa mazungumzo, kwa kuwa mngurumo wake katika chumba kilichofungwa hufunika sauti ya mtu hata ukipigwa polepole.

Kwa ziara yenyewe, piga simu mapema na uulize siku ambayo ukumbi hauna mazoezi asubuhi, na kama fundi wa taa atakuwepo. Mkiwa ndani, mwanafunzi mmoja asimame katikati ya jukwaa, mwingine aende safu ya mwisho kabisa. Wa jukwaani aseme sentensi moja ya igizo lenu bila kipaza sauti, akitazama mbele. Kisha aiseme tena akiwa amegeuka ubavu. Kisha akiwa ametoa mgongo. Aliye nyuma aandike alichosikia kila mara. Karatasi hiyo rudini nayo Masindi, na muanze kuandika kutoka hapo.